YouTube Studio kwenye simu: grafu inayoonyesha watazamaji wanapokukimbia

Watengeneza video wengi wa Mtwara na Lindi wanayo programu ya YouTube Studio kwenye simu zao, na wengi huifungua kwa jambo moja tu: kuangalia wangapi wametazama na wangapi wamejiunga na chaneli. Hayo ni matumizi madogo. Ndani yake imo grafu ya muda ambao watu waliendelea kutazama, sekunde kwa sekunde, na hiyo peke yake inatosha kuipa programu nafasi kwenye simu iliyojaa. Tathmini hii inahusu grafu hiyo zaidi ya kitu kingine: inasema nini, inapotosha wapi, na mtu anayepiga video za korosho, ngoma, uvuvi au magofu ya Kilwa aifanyie nini.

Hukumu yetu kwa ufupi: programu ni ya bure, ni nyepesi, haili bando kubwa kwa kufunguliwa tu, na hakuna chombo cha kulipia kinachomjua mtazamaji wako kuliko hiki, kwa sababu takwimu zinatoka YouTube kwenyewe. Kasoro yake kubwa ni kwamba toleo la simu linakuonyesha ugonjwa bila kukupa kisu. Kazi ya kukata inabaki kwenye toleo la kompyuta. Tutafika huko.

Kuipata grafu ni rahisi. Fungua programu, nenda kwenye orodha ya video zako, chagua video moja, gusa takwimu zake, shuka chini mpaka uone mstari unaoanzia juu kushoto na kuteremka kuelekea kulia. Mpangilio hubadilika kidogo programu inaposasishwa, lakini mstari huo haujifichi. Mhimili wa chini ni muda wa video, wa pembeni ni asilimia ya watu waliokuwa bado wanatazama.

Masharti mawili yanawachanganya wageni. Kwanza, takwimu hizi huchukua kama siku moja hadi mbili kuandaliwa, kwa hiyo ukipandisha video Jumamosi usiku usitafute grafu Jumapili asubuhi. Pili, ili YouTube ikuchambulie sehemu muhimu, yaani mwanzo, vilele na mabonde, video inatakiwa iwe na urefu wa sekunde 60 au zaidi na iwe imetazamwa mara 100 au zaidi. Chini ya hapo hata ukiona mstari, usiuamini sana. Video iliyotazamwa mara 40, kila mtazamo ni asilimia 2.5, watu wanne wakikatika kwa sababu mtandao umeyumba, mstari unaporomoka asilimia 10 na wewe unaanza kujilaumu kwa kosa lisilokuwepo.

Sekunde 30 za kwanza

Hapa ndipo programu inapofanya kazi yake bora. Inakuandikia asilimia ya waliobaki hadi sekunde ya 30, kisha inakwambia kama kiwango hicho ni cha kawaida, cha juu au cha chini ukilinganisha na video zako 10 za karibuni zenye urefu unaokaribiana. Kulinganisha na kazi zako mwenyewe ni uamuzi wa busara, kwani video ya mafundisho ya kilimo haifai kupimwa kwa kipimo cha vichekesho. Ila kuna mtego: kama zote 10 zilianza vibaya, neno "kawaida" linamaanisha vibaya vilevile. Wanaoanza wasilichukue kama pongezi.

Mstari ukianguka wima mwanzoni, sababu huwa ni moja kati ya tatu. Ya kwanza ni kichwa na kijipicha (ile picha ndogo ya utangulizi) kuahidi kitu ambacho video haikianzi. Ya pili ni nembo ya chaneli inayozunguka kwa sekunde 10 na muziki wake. Ya tatu, na hii imeota mizizi kwenye chaneli zetu, ni salamu: habari zenu watazamaji wangu popote pale mlipo, kama ni mara yako ya kwanza jiunge, gonga kengele, toa maoni, shirikisha wenzako. Ukiipima kwa saa utaona inakula sekunde 25 hadi 40. Mtu hajaona chochote bado na tayari ameombwa mambo manne. Anatelezesha kidole, anakwenda zake.

Salamu si dhambi, na kwa watu wa Pwani kuingia bila hodi ni utovu wa adabu. Ifanye ya sekunde tatu, na ije baada ya kuonyesha kitu. Video ya kudhibiti ugonjwa wa ubwiri unga kwenye mikorosho ianze na ua lililoshambuliwa, karibu kabisa, unga mweupe unaonekana, na sauti iseme mkulima atajifunza nini na kwa dakika ngapi. Hiyo ni sekunde nane. Kisha "karibuni", kisha kazi. Video ya sindimba ianze na ngoma imepamba moto, wachezaji katikati ya duara, sekunde tano hadi nane. Isianze na gari likiingia kijijini huku vumbi likitimka. Maombi ya kujiunga yahamishie mahali ambapo mtu ameshapata faida. Kwenye grafu utaliona eneo hilo, ni pale mstari unapotulia.

Bei ya mnada inastahili aya yake. Msimu ukifunguka, kuanzia Oktoba, video zenye kichwa kama "Bei ya korosho mnada wa leo" huzaliwa kila wiki. Wengi huificha bei hadi dakika ya tano wakiamini wanawashika watu. Grafu ya video za aina hii huwa na umbo linalojulikana: bonde refu, kilele kimoja kikali pale bei inapotajwa, halafu maporomoko. Maana yake watu waliruka maneno yote, wakachukua namba, wakaondoka, na wakajifunza kwamba chaneli yako inawazungusha. Kuficha jibu kunafaa hadithi, hakufai habari. Taja bei ya juu na ya chini ndani ya sekunde 10 za kwanza, iandike kwenye skrini, kisha wape sababu ya kubaki: bei za chama kikuu cha ushirika cha TANECU zinatofautianaje na za vyama vingine, MAMCU au RUNALI, makato ni yapi, mzigo uliobaki ghalani uko katika hali gani. Mkulima anayesubiri malipo atakaa kwa hayo.

Kusoma umbo la mstari

Kila grafu huteremka. Anayetafuta mstari ulionyooka kama barabara ya lami kutoka Mtwara kwenda Mnazi Mmoja atachoka bure. Kinachotafutwa ni mteremko wa taratibu, na ukiona sehemu imelala, video inafanya kazi hapo. Tazama ulichofanya, ukirudie kwenye video ijayo.

Kilele maana yake watu walirudi nyuma kutazama tena, au waliruka hadi hapo moja kwa moja. Mstari unaweza hata kupita asilimia 100 kama sehemu moja inarudiwa sana, hasa kwenye video fupi. Wengi hufurahia vilele bila kuuliza. Kilele kwenye ngoma kina maana nzuri, kwamba wameipenda. Kilele kwenye video ya mafundisho mara nyingi ni malalamiko: ulitaja kiasi cha salfa kwa mti au muda wa kurudia dawa kwa haraka, mtu akashindwa kuandika, akarudi mara tatu. Dawa yake ni kuacha maandishi ya kipimo kwenye skrini kwa sekunde nne au tano, kuyasema mara mbili, na kuyarudia kwenye maelezo chini ya video.

Bonde ni sehemu iliyorukwa. Fungua video yako pembeni, ushushe ubora hadi 144p kama bando ni la mawazo, uitazame kuanzia sekunde tano kabla ya bonde kuanza. Utakuta moja ya haya: mtu anarudia alichosema, safari ya pikipiki isiyo na maneno, mdhamini anasomewa risala, au hotuba. Kwenye video za sherehe za wilaya bonde kubwa kuliko yote hukaa juu ya utambulisho wa meza kuu. Wanaotajwa watapenda kubaki humo, na mpiga video analipwa na wao, tunaelewa. Suluhisho ni kutengeneza mbili: nzima kwa ajili ya waandaaji, na fupi kwa ajili ya umma.

Mabonde mengine yanatoka kwenye sauti, na huku kwetu hili ni kubwa kuliko picha. Upepo wa kusi ukivuma, maneno yaliyorekodiwa ufukweni Shangani au kwenye jahazi kuelekea Kilwa Kisiwani humezwa na mvumo. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kwa muda, lakini sauti inayokwaruza humfukuza mara moja, kwa kuwa anasikiliza kwa spika ya simu na si kwa visikizio. Maikrofoni ya kifungo yenye sponji, au bora zaidi yenye manyoya, hupunguza tatizo. Mpigaji kusimama mgongo ukielekea upepo, mwili wake ukiukinga, hupunguza zaidi. Ikishindikana, piga picha tu, maneno uyarekodi baadaye chumbani penye godoro na mapazia, ambamo sauti hairudi kutoka ukutani. Kabla ya kupandisha isikilize kwa spika ya simu ya kawaida. Muziki wa nyuma ukisikika sawa na maneno, uko juu mno.

Kwenye video za historia kuna anguko la aina yake. Msimulizi anaeleza jumba la kale la Husuni Kubwa au Msikiti Mkuu wa Kilwa kwa dakika mbili, na kwenye skrini ni uso wake akiwa ndani ya boti. Mstari unashuka kwa sababu macho hayana kazi. Picha ya kitu ije na neno linalokitaja, na shoti moja isipitilize kama sekunde nane bila badiliko lolote, iwe ni kusogea karibu, pembe nyingine au mkono unaoonyesha.

Mwisho wa mstari una anguko lake pia, na hili halihitaji utafiti. Ukisema "basi ndugu watazamaji, mpaka hapo", umewafungulia mlango. Skrini ya mwisho ya YouTube, ile yenye visanduku vya video nyingine, inaruhusiwa kukaa kati ya sekunde 5 na 20, kwenye video isiyopungua sekunde 25. Itumie ukiwa bado unasema jambo: unamalizia hatua ya mwisho huku unataja video inayofuata, na kisanduku chake kiko hapo hapo kinangoja kuguswa.

Pale grafu inapopotosha

Grafu hii ni mzani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika: inakupa kilo, haikwambii kwa nini gunia lina unyevu. Ukiisoma peke yake, bila kuitazama video yenyewe, utakata sehemu nzuri na kuacha mbaya.

Asilimia ndiyo inayodanganya zaidi. Video ya dakika 10 yenye wastani wa kutazamwa dakika 3 ina asilimia 30. Video ya dakika 4 yenye wastani wa dakika 2 ina asilimia 50, na mwenyewe anatembea kifua mbele. Lakini kwa kila watazamaji 1,000, ya kwanza imekusanya saa 50 na ya pili saa 33 tu. Kwa anayefukuzia masharti ya kulipwa, yaani wanaofuatilia 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, hesabu ni hii: saa 4,000 ni dakika 240,000. Wastani wako ukiwa dakika 3, unahitaji kutazamwa mara 80,000. Ukiupandisha hadi dakika 4, mara 60,000 zinatosha. Dakika moja imekupunguzia kazi kwa robo. Saa zinazotokana na Shorts, zile video fupi za wima, kwenye mkondo wake hazihesabiwi humo.

Hilo lisimfanye mtu arefushe video kwa maji. Tangu Julai 2020 video ya dakika 8 inaweza kuwekewa matangazo katikati, na tangu hapo kuna kazi nyingi za dakika tano zilizovutwa hadi nane na sekunde chache. Grafu huziumbua: mstari unatulia mpaka jambo linapoisha, halafu unaporomoka kwenye dakika za nyongeza.

Jambo lingine ni chanzo cha watazamaji. Ukitupa kiungo kwenye makundi kumi ya WhatsApp, ya ukoo, ya shule, ya chama cha msingi, watakuja watu wanaofungua kwa heshima yako, wanatazama sekunde 15 na kurudi kuandika "hongera". Grafu ya siku za kwanza inakuwa ya watu hao. Aliyekutafuta kwa kuandika "jinsi ya kubebesha mikorosho" ana subira nyingine kabisa. Toleo la kompyuta linakuwezesha kutenganisha wanaofuatilia chaneli na wasiofuatilia, na wapya na wanaorudi. Kabla ya kubadilisha mtindo wako wa kazi, angalia wapya wanasema nini. Na kiungo kipeleke kwenye kundi linalohusika tu.

Kisu kiko wapi

Ukishaona bonde, unataka kulikata. Kwenye YouTube hilo linawezekana bila kufuta video: kihariri cha YouTube Studio cha kompyuta kinaondoa kipande cha mwanzo, cha kati au cha mwisho, na video inabaki na kiungo kilekile, maoni yaleyale na idadi ileile ya waliotazama. Wakati mabadiliko yanaandaliwa, watu wanaendelea kuona toleo la zamani, na ukijuta unaweza kuirudisha video ilivyokuwa. Mipaka ipo: video isizidi saa sita, na iliyokwisha kutazamwa zaidi ya mara 100,000 kwenye chaneli ambayo haijaingia kwenye mpango wa kulipwa haikubali kukatwa. Kama uliandika sura za video kwenye maelezo, zisahihishe kwa mkono, kwa kuwa dakika zote baada ya kipande kilichoondolewa zimesogea.

Asiye na kompyuta anaweza kujaribu kivinjari cha simu, Chrome kwa mfano, akichagua kuonyesha tovuti kama ya kompyuta. Inafunguka, lakini vitufe ni vidogo na kuburuta mstari wa kukatia kwa kidole ni mateso. Kwa kipande cha sekunde 30 za salamu, inalipa kwenda kwenye steshenari yenye intaneti na kumaliza kwa dakika chache. Hakikisha tu umejiondoa kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Kwa hili tunainyima programu alama. Nchi ambayo watengeneza video wake wengi wanafanya kila kitu kwa simu haikufikiriwa hapo.

Sura za video zenyewe ni kitu kizuri kwa mafundisho na kibaya kwa burudani. Zinataka alama tatu au zaidi za muda, ya kwanza iwe 00:00, zifuatane kwa mpangilio, na kila sura isipungue sekunde 10. Kwenye video ya dakika 12 kuhusu mikorosho, sura humpeleka mkulima moja kwa moja kwenye kipimo anachokitaka. Wastani unaweza kushuka, lakini anarudi msimu ujao kwa sababu alihudumiwa. Kwenye ngoma au simulizi, usiziweke.

Kwa upande wa Shorts, grafu ipo lakini namba ya kuangalia kwanza ni uwiano wa waliotazama na waliotelezesha kupita. Idadi ya kutazamwa usiitegemee: tangu tarehe 31 Machi 2025 Shorts huhesabiwa kila inapoanza kucheza au kurudiwa, hata kwa kufumba na kufumbua jicho. Urefu wake unaruhusiwa hadi dakika 3 tangu Oktoba 2024, nafasi ambayo video nyingi hazina haja nayo. Kuchimba na kuchemsha ming'oko, viazi vya mwituni, kunaweza kuelezwa kwa sekunde 45.

Alama: kwa anayepandisha video ya dakika mbili au zaidi angalau mara moja kwa wiki, tunaipa 8 kati ya 10, mbili zimekatwa kwa kukosekana kihariri kwenye simu. Kwa anayeposti mara moja kwa miezi miwili ni 5, kwani hana video za kutosha za kulinganisha. Na kwa anayepiga harusi za kukabidhi kwenye flashi, haina kazi.

Anayeanza wiki hii achague video zake tano zilizotazamwa zaidi ya mara 100, aandike kwenye daftari asilimia ya sekunde ya 30 ya kila moja, na mbele yake aandike kitu cha kwanza kinachoonekana na neno la kwanza linalosikika. Mbili za chini kabisa zipelekwe kwenye kihariri zikatwe mwanzo. Grafu iangaliwe tena baada ya watazamaji wapya 100, si kabla.